Barua kwa mwanangu: usiende kugonga muhuri

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka Mtwara. Huku hatujambo. Bibi yako miguu bado inamsumbua, ila asubuhi anajikongoja mwenyewe mpaka barazani. Korosho zetu zimeshakwenda ghalani na malipo ya mnada wa kwanza yameingia.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema siku zako 90 za Afrika Kusini zinaisha tarehe 14 Desemba, na wenzako wa saluni wanakushauri upande gari hadi Komatipoort, uvuke upande wa Msumbiji, ugonge muhuri, jioni urudi Johannesburg ukiwa na siku mpya. Umeniuliza kama nakubali. Sikubali, mwanangu. Na nimeamua kukuandikia kwa sababu kuna jambo sijawahi kukwambia, na kwenye simu nisingelimaliza.

Mwaka 2013 ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa Montepuez, kule Msumbiji, nikishona, wewe ukilelewa na bibi. Watu walikuwa wamefurika kule kwa ajili ya rubi, na penye watu wengi fundi cherehani hakosi riziki. Muhuri wangu ulikuwa wa siku 30. Kila zikikaribia kuisha napanda lori, napita Mueda, nashuka Negomano, navuka Daraja la Umoja kwa miguu mpaka Mtambaswala. Nikigongewa huku, nalala usiku mmoja, kesho yake nageuza. Daraja lile lina mita 720, nimelikanyaga mpaka nikajua ni wapi upepo wa Ruvuma unakushika kanga.

Mara nne nilipita bila neno. Mara ya tano afisa wa upande wa Msumbiji aliifungua pasipoti, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akaanza kurudisha kurasa nyuma moja baada ya nyingine. Mimi nadhani anatafuta nafasi ya kugonga, kumbe anahesabu. Akaniambia kwa Kiswahili cha kuokota: "Mama, wewe hutembei. Wewe unaishi." Akanirudishia pasipoti yangu bila muhuri.

Hakukosea. Nilikuwa naishi kweli.

Mkononi nilikuwa na mfuko wenye kanga moja na mkate. Kila kitu changu kingine kilikuwa Montepuez: cherehani, godoro, akiba niliyoificha ndani ya debe la unga. Na vitambaa vya watu, mwanangu. Kulikuwa na kitenge cha mama mmoja, cha bluu chenye maua ya manjano, alitaka kukivaa siku binti yake akitoka unyagoni. Nilikuwa nimeshakikata, mikono bado sijaunga. Nilisimama pale darajani nikiangalia mchanga wa mto mpaka jua likazama. Mwenye nyumba alingoja kodi miezi miwili, kisha akauza cherehani. Yule mama sikumwona tena, na kitenge chake sijakilipa mpaka leo.

Wewe nilikwambia nimerudi kwa sababu nimekukumbuka. Nilikukumbuka kweli, lakini sicho kilichonirudisha.

Ndiyo maana nakusihi. Watu wanazungumzia faini tu, wanasahau kwamba anayekwenda kugonga muhuri huacha maisha yake yote upande mmoja wa mpaka, akaenda kusimama upande wa pili kuomba aruhusiwe kuyarudia. Siku ukikataliwa, kila ulichonacho kinabaki kwa mtu mwingine.

Tena huko uliko mchezo huo hauna hata faida. Nimemkalisha binamu yako hapa anisomee kanuni zao. Mtanzania anaingia bila viza kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Ukitoka kwenda nchi jirani na kurudi, hesabu haianzi upya. Ukipitiliza siku zisizozidi 30, unazuiwa kuingia kwa miezi 12. Ukipitiliza zaidi ya 30, ni miaka mitano. Utakuwa na miaka 28 ndipo upate ruhusa ya kupiga hodi tena. Na yule dereva uliyeniambia anachukua pasipoti za watu kwenda kuzigongesha wenyewe wakiwa wamekaa nyumbani, usimpe pasipoti yako hata akikuapia. Muhuri wa namna hiyo ni wa kughushi, na wa kughushi wanauhukumu vibaya kuliko kupitiliza.

Kuongeza siku kupo kihalali, lakini maombi yanatakiwa yapelekwe siku 60 kabla muda haujaisha. Kwako wakati huo umeshapita. Hata ungewahi, ungeongezewa siku za mgeni tu, na mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Hilo nalo nilipaswa kukuuliza tangu Septemba uliponiambia umepata kiti cha kusukia. Nilifurahi mno nikajisahaulisha, na hapo nimekukosea.

Mwenye saluni amekuahidi atakushughulikia. Mwambie basi akupe mkataba ulioandikwa na kusainiwa. Akikupa, tutaomba viza ya kazi kutoka hapa nyumbani kupitia Dar, maana ukiingia kama mgeni huwezi kugeuza kuwa mfanyakazi ukiwa kulekule, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Itachukua muda na inaweza kukataliwa, sikufichi. Akisitasita kukuandikia, utakuwa umemjua.

Rudi kabla ya tarehe 14. Nilihesabu kwa kalenda ya ukutani: uliingia 16 Septemba, na siku ile ya kuingia nayo imo. Usingoje tarehe 12 au 13, kwa sababu Desemba watu wote wanarudi makwao na foleni ya mpakani Beitbridge, unapoingia Zimbabwe, inalaza watu. Ondoka mwanzoni mwa mwezi. Vitu vyako uza wewe mwenyewe, kwa bei yako, usimwachie mtu. Wateja uliochukua malipo yao ya awali wasuke kwanza, au warudishie pesa yao mkononi.

Nauli nakutumia kesho, nimeitenga kwenye pesa ya korosho, usibishane nami. Ukishavuka Tunduma usiende mpaka Dar, ni kuzunguka bure. Shuka Makambako, shika ya Songea, kisha Tunduru hadi Masasi. Ukifika Masasi nipigie hata kama ni usiku wa manane. Mjomba wako yupo pale kwa wiki zote hizi, atakuja stendi kukupokea.

Mama yako