Dawa za sonona na moyo: dada yangu, usizitupe kabla hujapima

Juzi usiku kuna dada wa Kasulu kaniandikia inboksi, anasema kaacha dawa zake za sonona kwa sababu jirani kamwambia zinasimamisha moyo. Kaacha ghafla, na sasa halali, kizunguzungu, mikono inatetemeka. Nimesoma nikaumia, maana maneno hayo hayo mimi niliambiwa na watu wangu wa karibu.

Mnaonifuata zamani mnajua nilikotoka. Biashara ya dagaa pale Kibirizi inataka uwahi mitumbwi alfajiri, mimi kwa sonona nashindwa hata kuvaa viatu. Nikapewa dawa ya sonona inaitwa amitriptilini. Usingizi ukarudi ila mdomo mkavu, moyo unaenda mbio, nikisimama haraka macho yanaingia giza. Shemeji yangu akasema mbele ya wageni, "anakula vidonge vya vichaa hivyo, vitamuua." Sijasahau na sidhani kama nitasahau. Leo dagaa wangu wanafika mpaka Dar na dawa bado nameza.

Sasa ukweli ni kwamba jirani hajakosea kila kitu. Amitriptilini ni dawa ya zamani, ipo tangu 1961, inaweza kuongeza mapigo, kushusha presha ukisimama na kuchelewesha umeme unaopita kwenye moyo, kwa hiyo aliyetoka kupata shambulio la moyo kwa kawaida hapewi. Na ukimeza nyingi kwa mpigo inaua, ndo maana kwangu pakiti anatunza mke wangu.

Mimi sikuacha, nilirudi kwa daktari nikasema nataka moyo wangu upimwe. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, haiumi jamani. Unalala, wanakupaka jeli ya baridi kifuani, wanakubana klipu mikononi na miguuni, nesi anakwambia tulia usiongee, mashine inatoa karatasi ya vimraba vya pinki. Daktari akashika kalamu akanionyesha kitu wanaita QT, yani muda moyo unaotumia kukaza na kujiandaa tena kwa pigo linalofuata. Ikifika milisekunde 500 na kuendelea ni hatari, mapigo yanaweza kuvurugika ukaanguka. Yangu ilikuwa salama, ila kwa kile kizunguzungu akanihamisha taratibu kwenda setralini, dawa nyingine ya sonona. Hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 369 waliotoka kupata shambulio la moyo au maumivu ya kifua ya hatari, majibu yakatoka 2002, na haikuonekana kuwaharibu moyo. Sitalopramu, nayo ya sonona, Marekani waliitolea onyo 2011, isizidi miligramu 40 kwa siku, na aliyepita miaka 60 mwisho 20. Kwa hiyo usiseme "dawa za sonona" kama vile zote ni moja, uliza yako ni ipi na dozi yako ni ngapi.

Halafu sisi wa Kigoma malaria ni ya kwetu kabisa. Kwinini inarefusha hiyo QT, erithromaisini ya kuua bakteria pia, hata dawa mseto inataka tahadhari ukiwa na dawa nyingine ya aina hiyo. Ukienda duka la dawa usiishie kusema nina homa, taja na dawa ya sonona. Ukiharisha au kutapika sana sema pia, maana potasiamu ikishuka moyo unapata shida zaidi.

Na wanaosema bora kuacha, sonona yenyewe inaumiza moyo! Wenye sonona wanapata maradhi ya moyo kuliko wenzao. Mbona hilo hawalisemi kibarazani? Acheni kuwatisha wagonjwa, mtu akifa kwa sonona mnakuja kula ubwabwa msibani.

Dada wa Kasulu, kesho nenda. Usizianze tena mwenyewe, mwambie daktari uliacha lini na unasikiaje, omba ECG, mtajie dawa zote hata za miti shamba, na kama kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana sema. Ukizimia au moyo ukienda mbio bila mpangilio usingoje asubuhi, mwamshe mtu akupeleke usiku huo huo.