Kabla hujawasha tanuri la plastiki, kaa kwanza mezani pa kuchambua

Wiki yangu ya kwanza kwenye mtambo wa majaribio wa kugeuza plastiki kuwa mafuta nilipewa glavu, ndoo mbili za maji na magunia ya plastiki yaliyotoka dampo. Niliumia moyo. Nilikuwa nimesomea kemia na nilitegemea kukabidhiwa tanuri. Badala yake nikawa nachambua viroba, pakiti za biskuti na viatu vilivyokatika. Leo nikimpokea kijana mpya namkalisha pale pale, na simwondoi mpaka mikono yake iijue plastiki kwa kuigusa tu.

Ukichoma plastiki penye hewa, kama yafanyavyo matanuri ya kuteketeza taka, kaboni yote inaishia angani: kilo 1 ya polithini hutoa takriban kilo 3.1 za hewa ukaa. Ukiipasha nyuzijoto 400 hadi 600 ndani ya chombo kisicho na oksijeni, minyororo yake mirefu hukatika vipande vifupi na kupanda kama mvuke, nawe ukiupoza mvuke huo unapata mafuta na nta. Hiyo ndiyo pairolisisi. Polithini ya madumu na polipropilini ya viroba na vizibo huitikia vizuri, maana ni kaboni na haidrojeni tu.

Anayekuharibia kazi ni plastiki iitwayo PVC: mabomba, maganda ya nyaya, mazulia ya plastiki, vibao vingi vya vidonge vya dawa. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini. Joto likikaribia nyuzi 300, kabla hata polithini haijaanza kukatika, klorini ile hutoka kama gesi ya haidrojeni kloridi, na ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula chuma. Inayobaki huingia kwenye mafuta. Viwanda vinavyotengeneza plastiki mpya kutokana na mafuta hayo huvumilia klorini ya sehemu chache tu kwa milioni. Kipande cha bomba kilichojificha ndani ya gunia kinatosha kuyafanya mafuta yako yakataliwe.

Ndiyo maana ya zile ndoo. Katakata chupa ya maji pamoja na kizibo chake, utie ndooni, ukoroge. Kizibo kitaelea na vipande vya chupa vitazama, kwa sababu chupa ni PET, plastiki nzito kuliko maji. PVC nayo huzama, kwa hiyo maji peke yake yanakuondolea wasumbufu wawili kwa mpigo. Lakini usiyaamini kupita kiasi. Plastiki iliyojazwa unga wa chokaa huzama ingawa ni polipropilini safi, na sponji la kufungashia huelea ingawa ni polistirini.

Ukiwa na shaka, chukua waya wa shaba. Uchome kwenye mwali mpaka usiongeze rangi yoyote, uguse nao plastiki ukiwa bado wa moto, kisha uurudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, karibu kila mara ni klorini. Fanyia nje au chini ya feni ya kuvuta moshi, kwa kipande kisichozidi ukucha, na usisogeze pua.

PET nilijifunza kwa hofu. Mzigo mmoja ulikuwa na chupa nyingi, sikuzitoa. Saa ya pili mshale wa shinikizo ukaanza kupanda na mafuta yakaacha kutiririka. Tulizima moto, tukakaa mbali, tukasubiri hadi kesho yake. Tulipofungua bomba la kupozea tulikuta limejaa unga mgumu mweupe, asidi ya tereftaliki iliyoganda humo ndani. Tafadhali nisikilize hapa: usifungue kamwe chombo cha pairolisisi kikiwa moto. Mvuke ule ukikutana na hewa unaripuka. Acha kipoe, pitisha nitrojeni, ndipo ushike spana.

Kuna njia nyingine inayopokea mchanganyiko kwa uvumilivu zaidi. Mjini Kawasaki, Japani, tangu 2003 kuna mtambo uliojengwa na Showa Denko, wenye uwezo wa tani 195 kwa siku. Hutia plastiki ya majumbani kwenye tanuri la nyuzi 600 hadi 800, kisha gesi yake hupita tanuri la pili lenye zaidi ya nyuzi 1,300. Klorini huoshwa na kuwa chumvi, na haidrojeni inatengenezewa amonia. Huo ni mtambo mkubwa unaotegemea mji wenye ukusanyaji wa uhakika. Usimwahidi mtu kwamba utaujenga uani.

Na ukweli kuhusu mizani. Pima kila kilo inayoingia na kila kilo inayotoka: mafuta, nta, masizi. Gesi unayoichoma kupasha tanuri usiihesabu kama plastiki iliyorejelezwa. Mafuta ukiyauza yakachomwe kwenye jenereta, kaboni imefika angani vilevile, imezunguka tu. Sheria ya taka ya Umoja wa Ulaya ya 2008 haiiti urejelezaji kazi ya kugeuza taka kuwa nishati. Naiona sahihi kabisa. Madumu na chupa safi waachie wanaoziyeyusha kwa njia ya kawaida. Sisi tuchukue kile wanachokikataa.

Mwisho, daftari. Kwa kila mzigo andika ulikotoka, kilo zilizoelea, kilo zilizozama na mara ngapi mwali uligeuka kijani. Miezi michache baada ya kuanza kazi, bomba letu lilitoboka kwenye maungio. Nikafungua daftari langu nijue ni mzigo upi ulioleta klorini, nikakuta nimeandika mstari mmoja: "Plastiki mchanganyiko, kilo 60."