Meza ya miguu ya ndege kwa sebule ya Dodoma

Wasurealisti, kundi la wasanii na waandishi waliotoa ilani yao Paris mwaka 1924, walipenda kukichukua kitu cha kila siku na kukigeuza kiwe kama kimetoka ndotoni. Mwaka 1939 msanii wao mmoja, Meret Oppenheim, alibuni meza inayosimama kwa miguu miwili ya ndege, na juu yake nyayo, kana kwamba ndege amepita hapo. Ukitaka samani ya namna hiyo Dodoma, anza na hii. Kochi lenye umbo la midomo la msanii mwenzake Salvador Dalí ni zuri sana, lakini vumbi la kiangazi litalimaliza.

Ubao wa mninga wa sentimita 60 kwa 40, unene 2.5, unatosha. Hakikisha umekauka: upime kwenye mzani, uuache ndani wiki moja, upime tena. Kama uzito umepungua, bado. Hapa ndipo meza nyingi zinapoharibikia, maana hewa yetu kavu inaendelea kuufyonza ubao hata baada ya fundi kulipwa.

Kwa miguu, mpe fundi wa kuchomelea nondo ya milimita 16, vipande viwili vya sentimita 55. Usimruhusu ailainishe kwa grinda. Mistari ya nondo inafanana kabisa na magamba ya mguu wa kuku. Apinde sentimita 20 kutoka chini, pindo litokeze nyuma. Vidole ni vya nondo ya milimita 10: vitatu mbele, kila kimoja sentimita 18, na kimoja nyuma cha 14. Miguu iachane sentimita 36, na kisigino, yaani pale vidole vinapokutana, kikae sentimita 2 nyuma ya katikati ya meza. Vidole vikiwa vifupi, meza itapinduka mtu akiegemea ukingoni. Hata hivyo pembe za nyuma zitabaki dhaifu, kwa hiyo upande huo uelekee ukutani.

Juu ya kila mguu achomelee chuma bapa cha sentimita 30, kikatize nyuzi za mbao. Tundu la katikati liwe la duara, ya pembeni yawe marefu kama milimita 15, kwa urefu wa bapa. Ubao husinyaa kwa upana. Skrubu zikibanwa kwenye matundu ya duara pote, utapasuka katikati. Tumia skrubu za milimita 20 zenye washa, wala usizikaze mno.

Nyayo zichongwe kwa patasi, kina cha milimita 2, kabla ya msasa namba 220. Chukua mfano wa nyayo za kanga kwenye mchanga: hatua zisilingane, na zitokee ukingoni, zisianzie katikati. Zipake rangi ya dhahabu, ikauke, kisha vanishi juu na chini ya ubao. Ukipaka juu tu, upande wa chini utakauka haraka zaidi na ubao utajikunja.

Chini ya vidole gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli, visikwaruze vigae.