Mgahawa wangu unauza bia: watoto waishie wapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina mgahawa hapa Ipagala, Dodoma. Mbele wateja wanakula chipsi, kuku na ugali samaki, nyuma kuna kaunta ya vinywaji na jiko la nyama choma. Jumapili mchana familia zinakuja na watoto. Jioni wanakuja vijana wa vyuo, na wengine sura zao hata sizielewi umri. Wiki iliyopita baba mmoja alimwagizia bia mwanawe wa kidato cha tatu, mhudumu wangu alipokataa akagombezwa mbele za watu. Je, watoto wanaruhusiwa kuingia? Nitajuaje nani ametimiza umri? Na binti wa dada yangu ana miaka 17, anataka kunisaidia kuhudumia likizo hii. — Mama wa mgahawa

JIBU: Marahaba, mama. Mpe pole mhudumu wako na umwambie alifanya sawasawa. Ningeomba kila kaunta ya Dodoma iwe na mtu kama yeye.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 17, inakataza mambo mawili yanayokuhusu: kumruhusu mtoto aingie baa, disko au klabu ya usiku, na kumuuzia mtoto kileo cha aina yoyote. Angalia mzigo umewekwa kwa nani. Kwenye kuingia, anayetajwa ni mwenye baa na anayefanya kazi ndani yake. Kwa hiyo mkaguzi akimkuta mtoto kaunta saa 4 usiku, swali la kwanza litakuja kwako na kwa mhudumu wako. Mtoto ndiye anayelindwa.

Sasa huyo baba. Hakuna mahali sheria inapompa mzazi uwezo wa kumruhusu mtoto wake anunuliwe bia mezani kwako. Mhudumu akishajua chupa ile ni ya mtoto, kusema "bili analipa baba" hakumwokoi. Mfundishe sentensi moja ya heshima: "Samahani mzee, kijana nimletee soda au juisi ya zabibu, bia hairuhusiwi kwa umri wake." Halafu asimame hapo, asibishane. Mzazi akikaza, uje wewe mwenye biashara. Si haki binti anayelipwa mshahara wa mhudumu abebe ugomvi huo peke yake.

Hapa kwetu zabibu inaleta mtego wake. Mteja akisema "nipe ya zabibu", mwingine ana maana ya juisi na mwingine ana maana ya divai, na kuna divai ya nyumbani inayoletwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo. Zikikaa friji moja, ipo siku mtoto atamiminiwa divai. Zitenganishe. Na asikudanganye mtu kwamba divai ya Hombolo au ujimbi, ile pombe ya kienyeji ya huku, ni vinywaji vya asili kwa hiyo havihesabiki. Kilevi ni kilevi.

Kuhusu kuingia: mtoto anayekula wali na wazazi wake kwenye mgahawa hana kosa, na wewe huna kosa. Katazo ni la baa. Shida yako ni kwamba una vyote viwili chini ya paa moja, na mkaguzi haangalii bango la mlangoni, anaangalia kinachofanyika. Ukumbi wa mbele wenye sahani mezani mchana ni mgahawa. Ukumbi huo huo saa 3 usiku, taa zimepunguzwa, muziki juu na kreti zimepangwa ukutani, utamshawishi nani kwamba si baa? Ushauri wangu: kaunta na jiko la nyama viwe na njia yao, familia zikae mbele, choo cha watoto kisiwalazimishe kupita kaunta, na upange saa ambayo watoto hawabaki tena. Iandike ukutani ili mhudumu awe na cha kuonyesha. Pia toa leseni yako ya vileo uisome upya. Leseni hizi zina aina zake, ya mgahawa ni tofauti na ya baa, na nimeona wafanyabiashara wengi wanaendesha baa kwa leseni isiyo ya baa. Ukiona haifanani na unachofanya, nenda kwa afisa biashara wa Jiji kabla yeye hajaja kwako.

Umri sasa. Usihukumu kwa ndevu wala urefu, wala kwa kitambulisho cha chuo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kujiunga na kozi ya cheti anaweza kuwa na miaka 16 au 17, na kitambulisho chake kinaonyesha kozi tu. Dai chenye tarehe ya kuzaliwa na picha: kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti.

Wengi watakuonyesha namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, kwenye simu, kadi hawana. Tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Inayoanza na 20070514 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 14 Mei 2007. Shika simu wewe, kisha muulize kijana, "Umezaliwa lini?" Mwenye namba yake anajibu papo hapo. Aliyeazima ya kaka yake anaanza kutafuta maneno. Lakini namba haina picha, kwa hiyo ukibaki na shaka, omba kitambulisho kingine, na akikosa, usiuze. Kumkosea mtu wa miaka 20 ni soda moja ya kumwomba radhi.

Dirisha la kuondoka na kinywaji ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Viroba vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, ila vichupa vidogo vya pombe kali bado vinaingia mfukoni vizuri sana. Mtoto akitumwa na mjomba wake "kamletee mjomba", usimpe, hata kama unamfahamu mjomba na nyumba yake unaiona. Mjomba aje mwenyewe.

Binti wa dada yako: hapana, mama, na hapa sina njia ya kukupitisha pembeni. Ni kweli sheria inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Lakini Sheria ya Mtoto inaitaja kazi ya baa, hoteli na sehemu za burudani, pale mtoto anapoweza kukutana na tabia zisizo za maadili, kuwa ni kazi hatarishi, na hiyo haruhusiwi. Kazi za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, nazo amekatazwa. Wewe unajua wateja wa saa 4 wanavyowaongelesha wahudumu wa kike. Kama anahitaji fedha ya likizo, mtafutie duka la vitabu au saluni ya mtu unayemwamini, afanye mchana. Akitimiza 18 na bado anataka kazi, mpe mkataba wa maandishi kama wenzake.