Kompyuta inayojisasisha bila ruhusa: maswali yenu na majibu

Niliacha ripoti wazi nikaenda kula. Kurudi nakuta kompyuta imejizima na kujiwasha, na kurasa ambazo sikuwa nimehifadhi hazipo. Nizuieje?

Pole sana, hilo linauma. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu ya kutaja saa unazotumia kompyuta, na ndani ya saa hizo haijiwashi upya kwa ajili ya sasisho. Ingia Mipangilio, fungua Windows Update, kisha chaguo za ziada. Huenda ukakuta imeachiwa ijipangie kwa kukisia mazoea yako. Iondoe hapo, uweke saa mwenyewe. Kikomo ni saa 18, nami nakushauri uzitumie zote: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Wiki hiyo ukiona kuna sasisho linasubiri, iwashe upya mwenyewe jioni ukishamaliza kazi.

Fundi amenizimia kabisa huduma ya masasisho na sasa kompyuta imetulia. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayoshirikisha mafaili kwenye mtandao. Mei mwaka huohuo programu hasidi iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu hilohilo. Ilifunga mafaili ya watu na kudai malipo ya bitcoin ili yafunguliwe, na nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Haikuhitaji mtu abofye chochote: ilitambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Wenye kiraka walikuwa wamefungiwa mlango huo tangu miezi miwili nyuma. Wengi walioumia walikuwa hawajakiweka.

Kwa hiyo mwambie fundi airudishe. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Windows Update kwenye orodha, uangalie kama bado imezuiwa. Kama shida yako ni usumbufu, tumia kitufe cha kusitisha kilicho kwenye ukurasa wa Windows Update. Kinakupa hadi wiki 5 za utulivu, kisha unasasisha ndipo uruhusiwe kusitisha tena. Wiki moja au mbili zinatosha kusikia kama sasisho jipya limewaharibia wengine. Zaidi ya hapo, mimi naona unajiweka hatarini bure.

Bando linaisha kabla sijafungua hata barua pepe moja.

Fungua mipangilio ya mtandao, bofya jina la Wi-Fi unayotumia, kisha washa chaguo linaloiambia kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Windows itaacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho yenyewe. Angalia pia sehemu ya kugawana masasisho, kwa sababu kompyuta yako inaweza kuwa inawarushia watu usiowajua vipande vya masasisho kwa bando lako. Izime. Ukipata mtandao usio na kikomo, pakua yote yaliyorundikana.

Imekwama asilimia 30 kwa muda mrefu. Nizime?

Usizime maadamu taa ya diski inawaka au unasikia inafanya kazi. Iache hata saa kadhaa, ikiwa kwenye chaji.

Baada ya apdeti, printa imegoma.

Kwenye Windows Update kuna historia ya masasisho. Tazama lililoingia siku printa ilipogoma, nakili namba yake inayoanza na KB, kisha uliondoe hukohuko. Sitisha masasisho papo hapo, la sivyo litarudi. Kama kilichoingia ni toleo jipya zima la Windows, una siku 10 za kurudi kwenye la zamani. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old hata kama diski imejaa, maana ndimo toleo la zamani lilimohifadhiwa.

Kila siku naombwa kuhamia Windows 11. Naweza kukataa?

Unaweza, ila fahamu unachokataa. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani umewekwa mpango wa kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kama kompyuta yako ina chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa inayokubalika, hamia, ukianza kwa kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama haina, usikimbilie kununua nyingine. Linux Mint, mfumo endeshi unaoweza kuutumia badala ya Windows, ni ya bure, huendesha vizuri mashine nyingi za zamani, na inakuacha uamue mwenyewe lini usasishe. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, uone kama Wi-Fi na printa vinaitikia.