Swali la Lugha: Nani Alilaani, Nani Alisikitika?

Mwalimu mmoja wa historia, anayeandaa masomo yake kwa Kiswahili, ameniletea sentensi moja pamoja na swali. Sentensi yenyewe ni hii: "Jumuiya ya kimataifa ililaani vikali hatua ya Umoja wa Kisovieti ya kuingilia kati nchini Chekoslovakia mwaka 1968." Anauliza kama hapo atumie kulaani au kushutumu, au kama maneno hayo mawili ni pacha na yeyote atakayemchagua hatakosea.

Si pacha, mwalimu, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu hicho "kulaani vikali" kimenikera kwa miaka mingi. Nakisoma asubuhi kwenye gazeti, nakisikia jioni kwenye taarifa ya habari: chama kimelaani vikali, wizara imelaani vikali, klabu ya mpira imelaani vikali uamuzi wa refa. Neno lililokuwa likitisha watu limegeuzwa muhuri wa kugongea kila karatasi.

Laani limetujia kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kumtoa mtu katika rehema ya Mungu. Shutumu nalo ni la huko huko, asili yake ni kutukana, ila Kiswahili kimelipoza hadi likawa kumlaumu mtu kwa maneno makali. Asili zao nitaziachia hapo, kwa kuwa kinachoamua ni jinsi wenye lugha wanavyoyatumia.

Nilipokuwa mtoto, jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliuziwa minazi yake na mwanawe wa pekee bila kuulizwa. Majirani walimjia barazani, wengine wakimpa pole, wengine, naamini, wakingoja kusikia laana ikitamkwa. Yeye alikuwa ameketi mkekani akisuka ukili, na vidole vyake havikusimama hata aliposema: "Nimemlaumu, nimemshutumu, na kesho nitamsuta mbele ya wajomba zake. Kumlaani, hapana. Laana ikishatoka kinywani hairudi." Mama yule hakuwahi kukaa darasani, lakini katika maneno machache alipanga ngazi nne za lugha yake, na alijua hasa ni ngazi ipi asiyotaka kuikanyaga. Hakuna mtu pale barazani aliyehitaji kuuliza kama kumsuta ni sawa na kumlaani.

Sasa tazama neno "vikali" likiwekwa mbele ya laana. Mzazi akimlaani mwanawe, nani atauliza kama amemlaani vikali au kwa upole? Laana haina nusu wala robo. Mtu hushutumiwa kidogo au sana, hukemewa kwa upole au kwa ukali, lakini akishalaaniwa amelaaniwa, na kila anayeongeza "vikali" anakiri kwamba laani peke yake imeshachakaa mikononi mwake, naye ndiye aliyeichakaza.

Turudi kwenye mwaka wako wa 1968, maana sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba uchaguzi wa neno hili unaweza kuwa jambo la serikali na serikali. Tangu Januari, chini ya Alexander Dubček, chama tawala cha kikomunisti cha Chekoslovakia kilikuwa kikijaribu kujenga ujamaa wenye sura ya utu. Magazeti yaliondolewa udhibiti, watu wakaanza kusema. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti, askari wapatao 200,000 na vifaru vipatavyo 2,000 vya nchi za Mkataba wa Warsaw, yaani muungano wa kijeshi wa nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki, vikiongozwa na Umoja wa Kisovieti, viliingia nchini humo na kuyazima mageuzi hayo. Kesi ikafika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na rasimu ya azimio ikaandikwa kwa neno zito, neno ambalo wafasiri wetu hulitafsiri kulaani. Tarehe 23 Agosti kura zilipigwa: nchi 10 zilikubali, Umoja wa Kisovieti na Hungary zikakataa, na kura ya Kisovieti, kwa kuwa ni ya turufu, ikaua azimio. Nchi tatu zilijizuia, yaani Algeria, Pakistan na India.

India ndiyo ninayotaka uitazame. Haikujizuia kwa kuupenda uvamizi; waziri mkuu wake, Indira Gandhi, alikuwa ameshaeleza bungeni wasiwasi na uchungu wa serikali yake. Ilijizuia kwa sababu ya neno lile. Ilitaka lenye masikitiko na lawama, si lenye hukumu, kwa kuwa ilikuwa na urafiki na Moscow ambao haikutaka kuuvunja kwa kitenzi kimoja. Na kwa upande wa pili wa neno hilohilo, waziri wake mmoja, Asoka Mehta, alijiuzulu akipinga msimamo huo wa kukataa kulaani. Mtu ameacha uwaziri kwa tofauti ambayo sisi tunaifuta kila jioni kwa kuandika kwamba wote "walilaani vikali"!

Wakomunisti wa Ufaransa walipita njia hiyohiyo kwa siku mbili tu. Tarehe 21 Agosti uongozi wa chama chao ulitoa neno la karipio. Kesho yake Kamati Kuu ikalishusha hadi neno la kutoridhia. Waliolishusha walijua wanachofanya, na waliowasoma kule Moscow walijua pia. Mwandishi wa Kiswahili anayeyatafsiri maneno yote mawili kuwa kulaani amewanyang'anya wasomaji wake habari yenyewe, kwani habari ilikuwa huko kushuka.

Waliolaani kweli walikuwapo, na kwao neno linatosha bila kuongezewa chumvi. Nicolae Ceaușescu wa Romania, ambaye nchi yake ilikuwa ndani ya Mkataba wa Warsaw lakini ikakataa kupeleka askari, aliulaani uvamizi hadharani mbele ya umati mjini Bucharest siku ileile ya tarehe 21. Zhou Enlai wa China, siku mbili baadaye, akiwa kwenye hafla ya ubalozi wa Romania mjini Beijing, aliwafananisha wavamizi na Hitler, ingawa China haikuwa na mapenzi yoyote na mageuzi ya Dubček. Albania ilijitoa kabisa katika Mkataba huo mwezi Septemba. Tanzania, iliyokuwa na Azimio la Arusha la mwaka mmoja na nusu tu, ilipinga waziwazi. Fidel Castro wa Cuba, kwa upande wake, alikiri kwamba uhuru wa nchi ile umevunjwa, kisha akaunga mkono uvamizi. Na Michel Debré, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alilifananisha jambo lote na ajali ya njiani. Basi niambie, mwalimu, hiyo "jumuiya ya kimataifa" iliyolaani kwa kauli moja ilikaa wapi? Kila serikali ilichagua ngazi yake, nawe huna budi kuitaja kwa jina na kuiweka kwenye ngazi hiyo.

Kuhusu "kuingilia kati" sitakaa sana. Mtu huingilia kati ugomvi wa watu wawili ili awaamue. Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, hapakuwa na ugomvi uliohitaji mwamuzi mwenye vifaru. Waliotumia lugha ya namna hiyo ni wavamizi wenyewe, waliouita msaada wa kindugu. Andika uvamizi. Na neno "hatua" lifute, kwa sababu halina kazi.

Hukumu yangu basi ni hii. Kulaani kwa maana ya tamko la serikali kumeshaingia katika redio na vitabu, wala sina nguvu ya kulitoa neno hilo. Nitalivumilia, mradi litumike kwa aliyetamka hukumu kamili na si kwa mwingine. Kushutumu kuwe kwa aliyelaumu kwa ukali bila kuhukumu. India mwandikie kwamba ilisikitika na kulaumu, chama cha Ufaransa kwamba kilikaripia kisha kikasema hakiridhii.

Tarehe 4 Desemba 1989 viongozi wa Bulgaria, Hungary, Ujerumani Mashariki, Poland na Umoja wa Kisovieti, yaani upande uleule wa wavamizi, walikutana Moscow na kutamka kwamba kuingiza majeshi Chekoslovakia mwaka 1968 kulikuwa kuingilia mambo ya ndani ya nchi huru, na kwamba kunastahili kulaaniwa. Hapo, mwalimu, andika kulaani, na usiongeze vikali.