Kuvuka Atlantiki na mama: pasipoti kwanza, meli baadaye

Dada, umeeleza kwamba unataka kumpeleka mama yako, mwenye umri wa miaka 68, kwa meli ya kitalii kutoka Barcelona hadi Florida mwezi wa Novemba mwakani, safari ya usiku 15, na umeuliza ni lini ulipe, mchague chumba gani, na mfunge nini. Mimi na mke wangu tulisafiri njia hiyo baada ya kustaafu. Kabla yake tulikuwa tumepanda meli Durban, na kati ya safari hizo mbili kuna ya tatu ambayo hatukuipanda kabisa, ingawa tulikuwa tumeilipia yote. Hiyo tusiyoipanda ndiyo iliyonifunza mengi zaidi, kwa hiyo naanza nayo.

Ilikuwa safari ya kuanzia Piraeus, bandari ya Athens, kupitia visiwa vya Ugiriki, kutia nanga Kusadasi nchini Uturuki, kisha kurudi Ugiriki na kumalizikia Italia. Wakala mmoja wa hapa mjini alituhakikishia kwamba viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika katika kundi la nchi za Ulaya, ya kuingia mara moja, ingetutosha, kwa kuwa hatungebadilisha meli. Ni kweli hatungebadilisha meli, lakini Uturuki haimo katika eneo la Schengen, na abiria anayetoka Ugiriki kwenda Uturuki ametoka nje ya eneo hilo, hata kama sanduku lake limebaki chumbani. Kurudi ni kuingia mara ya pili. Binti aliyekagua pasipoti zetu gatini alizihesabu bandari kwa kidole kwenye ratiba, akatazama viza zetu, akatuomba radhi kwa upole na kutuambia tukae kando. Mkataba wa tiketi, ambao nilikuwa nimeukubali bila kuusoma, ulisema wazi kwamba hati za kusafiria ni jukumu la abiria mwenyewe. Hatukurudishiwa hata shilingi. Tulikaa Athens siku nne, tukala samaki wa kukaanga bila kuzungumza sana, tukarudi nyumbani.

Ndiyo maana nasema kwamba mtu wa Nairobi hapangi safari ya meli kwa kuitazama meli. Ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu ambao pasipoti zao hazigongi mlango kabla ya kuingia, na wao wana haki ya kuanza na uchaguzi wa roshani. Sisi tunachukua ratiba ya bandari, tunaiandika kwenye karatasi nchi baada ya nchi, kisha kando ya kila nchi tunaandika viza inayohitajika na idadi ya mara za kuingia. Karatasi hiyo ikijaa ndipo tunapojua kama safari ni yetu au si yetu.

Kwa njia yenu, viza ni mbili. Ya kwanza ni ya Schengen, ambayo mtaiomba kwa Hispania ikiwa huko ndiko mtakakokaa siku nyingi zaidi. Meli nyingi za njia hiyo hupitia Tenerife au visiwa vingine vya Kanari, ambavyo ni Hispania, au Funchal katika kisiwa cha Madeira, ambacho ni Ureno, na kote huko ni Schengen. Ratiba ikiwa na Moroko, ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya pili ni viza ya Marekani ya mgeni, kwa sababu meli inamalizikia huko na hakuna njia ya kushuka Florida bila hiyo. Anzeni na ya Marekani, leo ikiwezekana, kwa sababu foleni ya mahojiano pale ubalozini mwao Gigiri haifuati kalenda ya kampuni ya meli. Ya Schengen haipokewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15 kabla yake. Ada yake kwa mtu mzima ilipanda hadi euro 90 mwezi Juni 2024, nayo huambatana na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti ziwe na angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi, na zote mbili ziwe na kurasa tupu.

Hapo utaniuliza, kama nilivyojiuliza mimi, mtu ataombaje viza bila tiketi, na atalipaje tiketi bila viza. Jibu liko katika arbuni. Kampuni nyingi huchukua arbuni ndogo wakati wa kuandikisha na kudai salio siku 90 hivi kabla ya kuondoka, na kwa safari ndefu zaidi hudai mapema zaidi. Ipo bei ambayo arbuni yake hurudishwa, na ipo bei ya chini kidogo ambayo arbuni yake hairudi. Mtu asiye na viza mkononi asiiguse hiyo ya pili, hata ikiwa na punguzo la kumtoa mate. Andikisheni sasa kwa arbuni inayorudishwa, mtumie uthibitisho huo kuombea viza, na mjiwekee tarehe ya kukata shauri wiki mbili kabla ya siku ya salio. Kama siku hiyo viza moja bado haijatoka, futeni. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko ya Piraeus.

Kuhusu bei yenyewe, umechagua vizuri. Kila vuli meli nyingi zilizokuwa Mediterania huhamia Karibi, na kila majira ya kuchipua hurudi. Kwa kuwa lazima zihame, na kwa kuwa wapo watu wengi wasiopenda siku sita au saba bila kuona nchi kavu, bei ya usiku mmoja huwa chini kuliko ya safari za kawaida. Hata hivyo, bei mnayoiona ni ya kila mtu, watu wawili wakiwa chumba kimoja, na haimalizi hesabu. Ongezeni kodi za bandari, halafu bakhshishi ya wahudumu, ambayo katika meli nyingi za Kimarekani hukatwa yenyewe kwa kila abiria kila siku. Tukichukua dola 18, watu wawili kwa usiku 15 ni dola 540, yaani kama shilingi 70,000 dola ikiwa karibu shilingi 130. Ongezeni pia ndege mbili za upande mmoja, ambazo mara nyingi hugharimu zaidi kuliko tiketi moja ya kwenda na kurudi, kwa hiyo ombeni tiketi ya kwenda Barcelona na kurudi kutoka Miami au Fort Lauderdale katika andikisho moja. Fikeni Barcelona siku mbili kabla. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, mtabadilisha mahali fulani, na meli haimngoji abiria aliyekwama uwanja wa ndege.

Chumba kinategemea mama kuliko bei. Umesema bahari anayoijua ni ile ya kivuko cha Likoni, na Atlantiki ya Novemba ni kitu kingine. Wazee wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ingawa waliisema kwa maana nyingine, katika kuchagua chumba maneno hayo ni ya kweli kama yalivyo. Omo, yaani mbele ya meli, hupanda na kushuka na kila wimbi, tezi ya nyuma vilevile, na ngama ni kule chini ndani ya chombo; tena sitaha za juu huyumba zaidi kuliko za chini. Chukueni chumba cha katikati, sitaha ya chini au ya wastani, kisichokuwa chini ya ukumbi wa muziki wala jikoni, na kisicho mbali na lifti kwa ajili ya magoti yake. Ningelipia dirisha. Chumba cha ndani ni rahisi na usiku wake ni mzito kweli, lakini mtu anayeanza kulevywa na bahari hupata nafuu akiutazama upeo wa macho, na humo ndani hakuna upeo. Roshani sisi tulikuwa nayo, na kwa siku za mwanzo upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba tuliitumia kukausha soksi tu. Msikubali bei ile ambayo kampuni huwachagulia chumba yenyewe, kwa sababu inaweza kuwaweka omoni kabisa.

Kwa afya, mpeleke kwa daktari wake miezi miwili kabla. Dawa zake za presha zifungwe za siku zote za safari pamoja na wiki mbili za ziada, zikiwa katika pakiti zake za asili pamoja na barua ya daktari, na zikae katika mkoba wa mkononi. Nasisitiza mkoba wa mkononi kwa sababu masanduku huchukuliwa na wapagazi gatini na yanaweza kufika chumbani jioni. Dawa ya kulevywa na bahari ambayo famasi nyingi hapa huuza kwa jina la Stugeron hutia usingizi, kwa hiyo daktari aulizwe kwanza kama inapatana na dawa zake. Mke wangu alitumia tangawizi na biskuti kavu akavuka salama. Beba vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo, kwa sababu virusi vya noro, ambavyo ndivyo balaa la kuhara melini, havitishwi sana na kitakasa mikono cha spiriti.

Bima ya Schengen pekee haitoshi, kwa maana inaishia Ulaya. Tafuteni inayotaja meli, Marekani, na kusafirishwa kwa dharura. Melini kuna kliniki na daktari, lakini bili yake inaingia katika akaunti ya chumba papo hapo, na katikati ya Atlantiki helikopta haifiki.

Sasa masanduku. Mnahitaji mavazi ya hali mbili za hewa: baridi na upepo wiki ya kwanza, joto la pwani wiki ya pili. Jaketi moja jepesi la kuzuia upepo na sweta mbili za Julai ya Nairobi zinatosha, na katika masoko ya mitumba ya Toi au Gikomba mtapata jaketi zuri kwa bei isiyowaumiza. Sweta moja ibaki mkobani hata kwenye joto, kwa kuwa kumbi za meli hupozwa kama bucha. Kuna jioni mbili au tatu za kuvaa rasmi. Msinunue magauni ya kigeni. Gauni la kitenge lililoshonwa na fundi wenu halikunjamani ovyo na litasifiwa kuliko yote ukumbini. Bebeni leso mbili kila mmoja. Sisi tulizitumia kama shuka, taulo, pazia la mlango wa roshani na mto wa ndege. Nguo za siku nane zinatosha safari ya siku 15, kwa kuwa za ndani hufuliwa bafuni, ambamo mara nyingi kuna kamba ya kuanikia.

Kuta za vyumba vingi ni za chuma, na ndoano ndogo za sumaku ndizo kitu cha shilingi chache nilichokishukuru zaidi. Plagi zetu za miguu mitatu hazitaingia katika soketi za meli nyingi, ambazo huwa za Kimarekani na za Kiulaya zenye matundu mawili ya duara. Nunueni adapta mbili Luthuli Avenue. Pasi, birika la umeme na mishumaa huchukuliwa mlangoni, na nyaya za kuongeza soketi vilevile katika kampuni nyingi. Birika ndilo lililotusononesha. Chai ya melini ni maji ya moto na kijifuko, na mama yako, kama mke wangu, atakiangalia hicho kijifuko kama tusi. Bebeni majani ya chai yaliyofungwa kiwandani na thamosi. Maji ya moto na maziwa mtayapata mkahawani bure. Nyama na matunda msishuke nayo Florida.

Jambo la kadi ya benki watu hulisahau. Ndani ya meli hakuna kununua kitu kwa fedha taslimu, kila kitu huandikwa kwenye akaunti, na kampuni huzuia kiasi fulani katika kadi yako. Ukiweka kadi ya akaunti ya kawaida, fedha hizo huwa zako kwa jina tu, na zangu ziliachiliwa siku tisa baada ya kushuka, nikiwa nimeshakopa kwa shemeji. Tumieni kadi ya mkopo iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje, au wekeni taslimu kwenye dawati la wageni siku ya kwanza. Simu zote ziwekwe katika hali ya ndege mara tu meli inapong'oa nanga, kwa sababu mtandao wa setilaiti wa meli unaweza kumaliza pensheni kwa simu moja ya salamu.

Kutoka Barcelona hadi Florida saa hurudishwa nyuma mara sita, kwa kawaida usiku, na mtapata siku kadhaa za saa 25. Bandarini fuateni saa ya meli, si ya simu, na rudini kabla ya muda wa mwisho.

Usiku wa kuamkia Florida mtaambiwa muweke masanduku nje ya mlango kabla ya kulala, yabebwe mapema. Toeni kwanza nguo za asubuhi, viatu, dawa na pasipoti. Jirani yetu wa chumba alishuka kukutana na maafisa wa uhamiaji akiwa na suruali ya kulalia na koti la suti. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya alasiri.